Tangi Lililosuguliwa kwa Dawa ya Meno

Juzi nilikuwa Babati nikisubiri gari letu lizibwe pancha. Pembeni yangu fundi mmoja alikuwa amechuchumaa mbele ya gari jingine, akisugua taa yake iliyopauka kwa kipande cha msasa kilicholowa maji. Sikumjali mpaka alipotoa mfukoni tyubu ya dawa ya meno, akakamulia kidogo kwenye kitambaa, akaanza kuzungusha. Harufu ile ya mnanaa iliyochanganyika na vumbi bichi la plastiki ikanifikia pale nilipokaa, na kabla sijajua ninachofanya nikawa nimesimama nyuma yake kama mtoto, mikono mgongoni, nikitazama kiganja chake kinavyozunguka. Akaniuliza kama na mimi nina taa za kusafisha. Nikamwambia hapana, naangalia tu. Sikuona namna ya kumweleza mtu nisiyemjua kwamba harufu hiyo, kwangu mimi, ni ya bibi yangu, ambaye hakuwahi kupiga mswaki kwa dawa ya meno hata siku moja maishani mwake.

Tuliishi Katesh, chini ya mlima Hanang, katika nyumba ya bati yenye vyumba vya uani ambavyo Mama alipangisha kwa watumishi waliotoka mikoa mingine. Baba alishinda shambani Getanuwas na kurudi mwisho wa juma akinuka moshi na ng'ombe. Ilikuwa miaka ile ambayo maduka yalikuwa yamejaa ghafla vitu visivyokuwapo zamani, sabuni za kila rangi, biskuti za kila umbo, na watu wazima walikuwa wakizungumzia sana watumishi wa serikali wanaopunguzwa. Kisha tukaambiwa shuleni kwamba sisi si watu wa Arusha tena, tuko katika mkoa mpya unaoitwa Manyara. Niliogopa sana. Nilidhani kuhama mkoa ni kuhama kweli, kwamba tutaamka tumepelekwa mahali pengine, na asubuhi iliyofuata nilitoka nje bado nimejifunika shuka ili nihakikishe mlima upo. Ulikuwepo, na kilele chake kimefunikwa na mawingu kama kawaida.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa amekuja kuishi nasi kutoka Mbulu baada ya macho yake kuanza kuingia ukungu. Enzi za ujana wake alikuwa mtengenezaji wa ngozi, zile zilizokwanguliwa hadi zikawa laini kama kitambaa, kisha zikatiwa shanga kwa ajili ya mabinti wanaoolewa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwongoza kwenda kanisani, chooni, na kwenye ukuta wa jiko ambapo alipenda kuota jua. Nilisikia wakubwa wakisema ana mtoto wa jicho, nami nikaamini kuna mtoto ndani. Alipokuwa amekaa juani nilikuwa nikimsogelea karibu kabisa, pua kwa pua, nikimtafuta huyo mtoto. Niliona tu weupe, kama maziwa yaliyotiwa maji. Nikakata shauri kwamba mtoto amelala na amevuta pazia.

Kulikuwa na madaktari wa macho katika hospitali ya Haydom. Baba alikuwa amembembeleza Bibi mara nyingi aende, naye alikataa kila mara kwa maneno yaleyale. "Jicho likishatolewa nje," alisema kwa Kiiraqw, "litaona aibu kurudi." Hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

Chumba cha kwanza cha uani kilipangwa na Anti Zubeda. Alitoka Kigoma, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, Mwislamu pekee katika uwanja wetu, na alikuwa afisa uvuvi. Watu wa Katesh walikuwa wakimcheka kwa upole. Afisa uvuvi wa nini, walisema, mahali ambapo wazee wanamwita samaki ndugu wa nyoka? Bibi mwenyewe hakuwahi kumla samaki wala kumgusa. Lakini Anti alikuwa akienda Basotu kwa baiskeli na kwa malori, kwenye ziwa, na alikuwa na ndoto kwamba watu wa vijijini wachimbe mabwawa wafuge perege kama wanavyofuga kuku. Ili waone anachosema, alikuwa na tangi.

Tangi hilo lilitoka kwenye mradi fulani uliofungwa huko Arusha. Lilikuwa litupwe, akaliomba. Lilifika Katesh juu ya basi, limezungushiwa godoro na kufungwa kamba, na lilipofunguliwa pale uani sisi watoto tulinyamaza. Ukilitazama ni kama maji yamesimama yenyewe bila kushikwa na kitu. Anti alilijaza, akatia mchanga wa ziwa na perege wadogo wa rangi ya majivu, wenye mistari ubavuni. Hapakuwa na mashine ya hewa, kwa hiyo asubuhi na jioni alichota maji kwa kopo na kuyamimina humo humo kutoka juu, ili yavute hewa. Nikipewa zamu ya kumimina nilijiona mtu mkubwa. Samaki walinizoea. Nikipeleka mkono upande huu wanakuja, nikiupeleka upande ule wanakuja, wakidhani nimeshika pumba.

Kisha Anti akaitwa kwenye semina Babati, na semina ikawa ndefu kuliko alivyotarajia. Jua likapiga tangi, maji yakageuka kijani, ukoga ukapanda ukutani, harufu ikaanza kuingia hadi jikoni kwetu. Mama alikuwa mtu wa usafi. Aliona aibu kwamba mpangaji wake atarudi akute kitu chake katika hali hiyo ndani ya uwanja wetu. Akahamishia samaki kwenye pipa la maji ya mvua, akalilaza tangi kwenye nyasi, akalisugua nje na ndani kama alivyosugua masufuria yake, kwa mchanga na majivu, na pale palipogoma, kwa waya. Nilimsaidia kuleta maji. Aliposuuza kwa ndoo ya mwisho, tangi lilikuwa angavu, safi kabisa, nasi tukafurahi.

Lilipokauka, likawa na ukungu.

Mama alidhani ni majivu yaliyobaki. Akamwaga maji tena, ukungu ukatoweka. Lilipokauka ukarudi. Sijawahi kusahau jambo lile, kwa sababu niliketi mbele yake mchana kutwa na kikombe, nikimwaga na kusubiri. Nikimwaga, mikwaruzo inakwenda zake. Upepo ukipita, inarudi mmoja mmoja, mistari myembamba ikichomoza kama nywele, kila mmoja mahali pake palepale. Nilitaka sana kujua inakwenda wapi inapolowa. Nilidhani ni vitu vyenye uhai vinavyopenda maji, na kwamba ndivyo samaki walivyo pia.

Anti Zubeda alirudi jioni moja akiwa na begi begani na vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo Anti."

"Marahaba, Emi. Samaki wangu hawajambo?"

Mama alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye khanga. "Pole na safari, dada. Samaki wapo pipani, wazima. Nimekusafishia na tangi, lilikuwa limeota ukoga."

Anti aliliendea. Alipitisha kidole kwenye ubao wa mbele, ule wa kutazamia samaki, taratibu, kutoka juu hadi chini, kisha akaangalia ncha ya kidole chake.

"Umelisafisha na nini, Mama Emi?"

"Mchanga na majivu. Na ile waya ya masufuria kidogo, pale chini."

"Hiki si kioo," Anti alisema. Sauti yake ilikuwa ileile ya chini. "Ni plastiki. Inaitwa akriliki. Kioo kingevumilia."

"Mimi nilipolimwagia maji lilikuwa safi."

"Najua. Likilowa linadanganya."

Kisha Anti akaeleza, kama mtu anayejieleza mwenyewe, kwamba wakubwa wa mkoa mpya wanakuja Katesh kuona kazi za wilaya. Kila idara itaweka meza yake uwanjani. Huko Babati walikuwa wameambiwa waziwazi kwamba kazi isiyoonekana itakatwa. "Nilitaka wainame waone samaki yuko hai," alisema. "Sasa wataona ukungu."

Mama alirudi jikoni. Siku iliyofuata alipika chai akampelekea Anti mlangoni, akaiweka chini, akaondoka bila kumtazama usoni. Mama yangu alikuwa na desturi ya kuimba nyimbo za kwaya akipika. Jiko likawa kimya, nami nikaona kimya kile ni kibaya kuliko ugomvi, kwa sababu ugomvi nilikuwa najua unavyoisha.

Ni Anti aliyekivunja. Alikwenda kwenye gereji wanapopaka malori rangi, akarudi na karatasi nyeusi za msasa wa maji, nyingine kali zinazokwaruza kiganja, nyingine laini kiasi kwamba nilidhani ni karatasi tu. Akaliweka tangi kibarazani, akamwita Mama.

"Chuoni walitufundisha namna ya kuondoa mikwaruzo," alisema. "Nimeiona ikifanywa, sijawahi kuifanya. Ubao wa mbele tu ndio tutauweza. Lakini mikono yangu peke yake haitoshi, Mama Emi. Njoo tukae."

Mama akaja, akakaa, akapewa msasa. Baada ya muda kidogo akauliza, kwa sauti ya kuogopa, "Nisugue kuelekea wapi?"

Walisugua kwa kulala, kutoka kushoto kwenda kulia, wakilowesha kila mara. Anti alisema wasikandamize na wasikae mahali pamoja, kwa sababu plastiki ikipata joto inalainika na kuharibika kabisa. Walianza na msasa mkali, na mimi niliyekuwa nikimwaga maji nikaona jambo la kutisha: ubao wote uligeuka kama maziwa. Mikwaruzo ya Mama ilikuwa michache, sasa hapakuwa na mahali palipopona. Mama aliacha kusugua.

"Dada, si tunazidi kuliharibu?"

"Tunaliharibu, ndiyo," Anti alijibu. "Mkwaruzo mkubwa unaondolewa kwa mikwaruzo midogo. Na hiyo midogo kwa midogo zaidi. Mwisho inakuwa midogo kiasi kwamba jicho haliioni."

"Kwa hiyo haitoki?" niliuliza.

"Haitoki, mwanangu. Inapungua tu."

Nililiwaza jambo hilo hadi kichwa kikauma. Nilikuwa nimezoea kwamba kitu kichafu kinasafishwa na kilichovunjika kinatupwa. Hili la kukiharibu kitu polepole hadi kipone sikuwa nimelisikia popote.

Bibi alikuwa ukutani kwake, juani. Alisikiliza ile sauti ya kwangua-kwangua kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa Kiiraqw, "Mnakwangua ngozi ya nani?"

"Si ngozi, mama," Mama akamjibu. "Ni lile sanduku la samaki la Zubeda."

"Mbona sauti ni ya ngozi?" Akainuka na fimbo yake. Nilimkimbilia nikamshika mkono, nikamleta kibarazani, akaketi chini karibu na tangi na kunyoosha viganja vyake. Vilikuwa viganja vikubwa, vyenye ngozi ngumu iliyong'aa. Akavipitisha juu ya ubao wote kama mtu anayempapasa ndama aliyezaliwa. "Hapa," alisema. Akasogea. "Na hapa pana mfereji. Huku mmemaliza."

Nilimtafsiria Anti. Anti akainama, akatazama kwa ubavu dhidi ya mwanga, akaona kweli mstari wa waya uliobaki. Akacheka kidogo. "Mwambie asiondoke," alisema.

Basi wakawa watatu. Kila alasiri, jua likishalegea, walikaa kibarazani, na mimi na kopo langu la maji. Walipohamia msasa laini zaidi waligeuza upande wakasugua kwa kusimama, kutoka juu kwenda chini, ili mistari ya kulala ikishatoweka wajue kazi ya msasa uliotangulia imekwisha. Bibi alikuwa ndiye wa kukagua. Alifumba macho alipopapasa, jambo lililonishangaza, kwa kuwa yalikuwa hayaoni hata yakiwa wazi. Wakati wa kazi alisimulia kuhusu ngozi alizokwangua Mbulu na mabinti waliozivaa, nani alikuwa na makalio na nani hakuwa nayo, nami nikawa natafsiri kwa Anti zile sehemu ambazo Mama aliniruhusu. Siku ya pili au ya tatu Mama alianza kuimba chini chini bila kujua, nikamwona Anti akishusha mkono wake usugue taratibu ili asiuzime ule wimbo.

Si kwamba hawakukosea. Mama alitaka kufuta vumbi jeupe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, Anti akaudaka mkono wake hewani. Alisema mafuta yangepasua plastiki nyufa ndogondogo kama za udongo uliokauka. Na Bibi, kwa kupenda kwake kazi, alipata mfereji mmoja kwenye kona ya chini akaushughulikia peke yake hadi pale pakafanya shimo pana lisiloonekana. Tulilijua baadaye, samaki waliporudi. Kila perege aliyepita kwenye kona ile alivimba ghafla akawa mkubwa kama mkate, kisha akapungua akaendelea na safari yake. Mimi nililipenda shimo lile kuliko tangi lote.

Mwisho Anti alinituma dukani kununua dawa ya meno. "Ile nyeupe ya kawaida," alinionya, "si ya jeli, wala ile ya mistari." Niliipita ile ya mistari myekundu kwa uchungu. Walipaka dawa kwenye vipande vya fulana kuukuu na kuzungusha, duara juu ya duara, na harufu ya mnanaa ikajaa kibarazani hadi ikazishinda za jikoni na zizini. Hapo ndipo ubao ulipoanza kufunguka. Ulianza katikati, kama shimo kwenye ukungu wa asubuhi, na ndani ya shimo hilo nikaona mkono wa Mama uliokuwa upande wa pili, kucha zake, pete yake, kila kitu. Mama naye aliniona. Tukatazamana kupitia hapo.

Walisuuza tangi mara nyingi kupita kiasi, kwa sababu dawa ya meno ni sumu kwa samaki. Kisha likajazwa, na perege wakaletwa kutoka pipani kwa ndoo. Majirani walikuja. Nakumbuka ile "eeeh" iliyowatoka watu wote pamoja. Bibi alikuwa amekaa mbele kabisa, mahali pake pa kazi.

"Wamo?" aliuliza.

"Wamo, Bibi."

Aliweka kiganja kwenye ubao alioulainisha. Samaki waliozoea mkono wangu wakauona wa kwake, wakaja wote wakakusanyika pale. Watoto wakaanza kucheka. "Bibi, wanakufuata!" Akausogeza mkono kushoto, wakaenda kushoto. Akaurudisha, wakarudi. Akauliza tena, "Sasa wako wapi?" nami nikamwambia, "Hapo kwenye vidole vyako." Akakaa hivyo muda mrefu, akisogeza mkono, uso wake umeelekezwa juu kidogo, si pale walipokuwa. Watu walianza kutawanyika. Alipouondoa mkono alimwambia Mama, kwa sauti ya kawaida kama anayeomba maji, "Mwambie mwanangu anipeleke Haydom."

Wakubwa wa mkoa walikuja, na sikuruhusiwa kufika mezani, lakini Anti alisimulia kwamba mmoja wao aliinama, akavua miwani, akainama tena, na akauliza kama samaki hawa wanaweza kuishi kwenye bwawa la kuchimba kijijini kwao. Haukupita muda mrefu Anti akapewa uhamisho wa kwenda Babati, mkoani, kusimamia mabwawa. Aliondoka na tangi lake, safari hii likiwa ndani ya gari la serikali. Alimkumbatia Mama wakakaa hivyo karibu na mlango wa gari mpaka dereva akakohoa. Bibi alipewa mkono, Anti akaubusu.

Mama alihofu kwamba Bibi sasa atabadili nia, kwa kuwa alichotaka kukiona kimeondoka. Alimuuliza kwa kuzungukazunguka. Bibi akamkatiza. "Samaki wamekwenda," alisema. "Macho yangu yako hapa. Tunaondoka lini?"

Tulikwenda baada ya mavuno, Mama, Bibi na mimi; Baba alibaki na ng'ombe, nami nilichukuliwa kwa sababu Bibi alikataa kuongozwa na mtu mwingine. Ndani ya basi nilikuwa na wasiwasi ambao sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeshalielewa jambo la mtoto wa jicho kwa namna yangu mpya: hapakuwa na mtoto, ilikuwa mikwaruzo, ukungu ule ule wa tangi, na madaktari wangeusugua. Nilikuwa nimebeba kwenye mfuko wangu wa sare ile tyubu ya dawa ya meno iliyobaki, maana nilisikia wagonjwa huombwa waje na vifaa. Kilichonitisha ni msasa wa kwanza. Nilikuwa nimeona unachofanya.

Hospitalini, kwenye benchi la macho, muuguzi mmoja mwanamume alikuwa akipita akiwatia watu dawa ya matone. Nilimsalimia, kisha nikamuuliza, "Mtaanza na msasa upi?"

Aliniomba nirudie. Nikarudia, nikamweleza yote, tangi, waya, msasa mkali hadi ule laini, nikatoa na dawa ya meno nikamwonyesha kwamba ni ile ya kawaida, si ya jeli. Mama alijifunika uso kwa khanga. Muuguzi hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu.

"Hatutumii msasa," alisema. "Ndani ya jicho kuna kitu kama kioo kidogo. Cha bibi yako kimechafuka mpaka katikati, hakisuguliki. Tunakitoa hicho tu, jicho lenyewe linabaki mahali pake. Kisha tunaweka kingine."

"Kingine cha nini?"

"Cha plastiki. Inaitwa akriliki."

Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Nikamwambia, basi msimsugue na mchanga. Akasema hawatafanya hivyo, naye akanirudishia tyubu yangu akaniambia niitunze kwa ajili ya meno yangu.

Bibi alikuwa ameshika mkono wangu muda wote huo bila kuelewa Kiswahili chetu cha haraka. "Anasema nini?"

Mama alinitazama. Nadhani alitaka kulieleza yeye, kwa maneno ya kuzunguka, na pengine kulificha neno la kutoa. Lakini nilikuwa nimeshaanza. "Anasema watatoa kioo cha ndani ya jicho. Si jicho, kioo tu. Kisha wataweka kingine, cha kitu kilekile cha tangi la Anti."

"Kile nilichosugua mimi?"

"Hichohicho."

Alisugua kidole gumba chake juu ya ncha za vidole vingine, polepole, kama anayekumbuka. "Ni laini kile," alisema. Kisha akamgeukia muuguzi, upande ambao sauti yake ilikuwa imetoka, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Haya. Weka."

Walimfanyia jicho moja kwanza. Bandeji ilipotolewa asubuhi, aliona shuka, akaona dirisha, kisha akaniona mimi. Alinishika kidevu akanigeuza huku na huku. "Una shingo ya babu yako," alisema, na alionekana kutolipenda jambo hilo sana. Mama alikuwa akilia. Bibi akamtazama pia, akamfuta mashavu kwa ncha ya shuka la hospitali.

Muuguzi alimpa miwani myeusi akatuagiza kwamba njiani apumzishe macho, ayafumbe kila vumbi linapozidi. Kwenye barabara ile vumbi halina nafuu, kwa hiyo tangu basi lilipoondoka Mama alikuwa akirudia, "Fumba macho, mama," na Bibi alikuwa akitii kidogo kisha anafumbua.

Basi lilisimama Basotu. Wanawake wakaja madirishani na samaki waliotungwa kwenye ukoka. Mmoja aliinua fungu lake hadi usawa wa dirisha letu, perege wabichi, bado wanachuruzika maji. Mama alitaka kumwambia apite. Bibi alivua miwani. Akaukamata ule utungo, akausogeza karibu na uso wake hadi pua ikakaribia kugusa, akamtazama samaki wa juu kwa makini, mapezi, magamba, mdomo. Kisha akabaki kwenye jicho lake.

"Huyu hana kope," alisema.

"Samaki hawana, Bibi," nilimwambia. "Anti alisema."

"Wakilala wanafumbaje?"

"Hawafumbi."

Aliurudisha utungo kwa mwenye nao, akamshukuru. Basi likaanza kutembea, vumbi likainuka nyuma ya magurudumu na kuingia madirishani, na Mama akamgusa bega. "Fumba sasa, mama, vumbi hilo."

"Nimefumba miaka mingi," Bibi alisema. Akaivaa miwani yake, akaegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha, akatazama mashamba ya ngano, ng'ombe, watoto wa barabarani, mlima ulipotokea na ulivyozidi kukua, mpaka tukafika Katesh.